Krosi Ikifa Majarubani, Aulizwe Nani?

Msimu wa kuvuruga majaruba ukianza, kesi ni ile ile. Trekta ndogo imesimama katikati ya maji, rotaveta haizunguki, shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye rotaveta, imekatikia kwenye krosi, na mwenye shamba yuko juu ya tuta anauliza pesa aliyotanguliza inarudi lini. Mwenye trekta anamlaumu dereva. Dereva anasema fundi alifunga vibaya. Fundi anasema spea ni feki. Muuza spea anasema wengine wamechukua boksi hilo hilo na hawajarudi kulalamika.

Nimewakalisha wote wanne hapa wajibizane. Sauti nimezipanga mwenyewe, ila hoja zao ndizo zinazosemwa gereji na kwenye vijiwe vya madereva. Mahali ni Chekereni, uwanda wa chini wa Moshi, kwenye skimu ya mpunga iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ambako trekta ndogo ya Kijapani na rotaveta yake hazimshangazi mtu. Wa kwanza ni mama mwenye trekta. Wa pili ni dereva wake, kijana anayelipwa kwa ekari. Wa tatu ni fundi, mtu mzima. Wa nne ni dada wa duka la spea. Mimi nitaingilia nikiona pa kuingilia, kwa sababu upande ninao: ujuzi wa kupiga grisi upo tele kijijini, lakini kazi ya kuipiga haina mwenyewe wala malipo, na krosi zinafia hapo.

Mwenye trekta: Nianze mimi, maana hasara ni yangu. Pampu ya grisi nimenunua. Grisi nimenunua. Kukumbusha nakumbusha mpaka naonekana msumbufu. Halafu naletewa shafti imejikunja. Mwanangu, sema mbele ya hawa: grisi unapiga au hupigi?

Dereva: Napiga, mama, lakini sikudanganyi, si kila siku. Nikifika shambani saa kumi na mbili asubuhi, mwenye shamba ameshafungulia maji, na vibarua wa kupandikiza wameshapewa tarehe yao. Nikilala chini ya shafti robo saa, yeye ananitazama anahesabu. Jioni nikileta hesabu kwako, unauliza ekari ngapi. Hujawahi kuniuliza nipeli ngapi nimezipiga grisi.

Fundi: Ukipiga, unapiga saa ngapi?

Dereva: Asubuhi, kabla sijawasha.

Fundi: Basi nusu ya ugonjwa nimeshaiona. Shafti inayofanya kazi ndani ya maji hupigwa grisi jioni, kazi ikiisha.

Mwenye trekta: Baba, asubuhi na jioni kuna tofauti gani? Grisi si ile ile?

Fundi: Sogea uone, mama. Hii ndiyo krosi, chuma cha mikono minne. Kila mkono umevishwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa sindano za chuma kuuzunguka mkono wote. Mdomoni mwa kikombe kuna sili ya mpira. Vikombe viwili vinashikwa na yoki ya upande wa trekta, viwili na yoki ya upande wa rotaveta. Kazi ikiendelea kutwa, krosi inapata moto, hewa iliyomo ndani inatanuka. Kijana anazima, anachota maji ya mfereji anaimwagia kuondoa matope. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na ile sili iliyowekwa kuzuia maji inayanyonya. Maji yanalala humo usiku kucha yanakula sindano. Asubuhi unakuja kuweka grisi mpya juu ya kutu. Ukipiga jioni, baada ya kuosha, grisi inayaondoa maji kabla hayajalala.

Dereva: Fundi, sikatai. Lakini jioni giza limeingia, mbu wameamka, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Ekari imeshaisha, na malipo yangu yameishia hapo hapo. Hiyo robo saa ya jioni ni yangu mimi, si ya trekta.

Nasimama hapa kidogo, maana kijana amegusa jambo ambalo vitabu vya trekta havigusi. Vitabu vya shafti nyingi za zamani vinataka krosi ipigwe grisi kila baada ya saa 8 za kazi. Shafti za siku hizi zenye sili bora zinaweza kuandikiwa saa 50 au zaidi, na kwenye maji na matope maelekezo hayo yanafupishwa mpaka kila siku. Maelekezo ni mazuri. Lakini yameandikwa kwa kumfikiria mkulima anayeendesha trekta yake mwenyewe kwenye shamba lake mwenyewe. Akitumia robo saa kwa grisi, anaokoa mali yake. Kwetu trekta ni ya mmoja, usukani ni wa mwingine, shamba ni la wa tatu, na robo saa ya grisi inaangukia kati yao bila mtu wa kuiokota. Mwenye shamba anataka ekari yake. Mwenye trekta anataka hesabu. Dereva anataka kulala. Kila mmoja ana haki kwa upande wake, na krosi inakauka.

Muuza spea: Ndiyo maana nawaambia nunueni krosi isiyo na nipeli, mnakuwa wabishi. Grisi yake imewekwa kiwandani na sili zake ni nzuri. Tena, kwa kuwa katikati haikutobolewa njia ya grisi, chuma chake ni kizima na kina nguvu zaidi. Propela za magari mengi ya siku hizi ziko hivyo. Ukishafunga umefunga. Dereva hana kazi ya jioni, mama hana kesi.

Fundi: Kwenye gari sikubishii, dada. Hata chini ya trekta yenyewe, kwa zile zenye krosi kwenye shafti ya kwenda ekseli ya mbele, naweza kukukubalia. Na hapo si trekta zote, nyingine pale mbele zina shafti ya meno ndani ya bomba tu. Lakini shafti ya rotaveta kwetu inazama. Siku maji yakipenya kwenye krosi yako ya kufungwa, utayatoa kwa njia gani?

Muuza spea: Na hiyo yako ya nipeli, mchanga unapenyea wapi kama si hapo hapo kwenye nipeli?

Fundi: Hapo umesema kweli. Nipeli chafu ni mbaya kuliko kukosa nipeli.

Ubishi huu kati ya kufunga na kuacha mlango ni wa siku nyingi, na jointi yenyewe ni kongwe kuliko trekta. Jointi hii wapo wanaoiita kwa jina la Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia wa karne ya 16, na wapo wanaoiita kwa jina la Robert Hooke, Mwingereza aliyeieleza mwaka 1676 katika maandishi yake juu ya vyombo vya kutazamia jua. Clarence Spicer wa Marekani alipopata hataza yake mwaka 1903, magari mengi yalikuwa bado yanasukumwa kwa mnyororo, na alichokipigania ni jointi iliyofungiwa ndani ya kasha ili grisi ibaki na vumbi lisiingie. Nipeli tunayoijua, yenye gololi ndogo na springi ndani yake, ni ya miaka ya 1920, kazi ya Oscar Zerk, mzaliwa wa Vienna. Spicer alipambana na uchafu kwa kuufungia nje, Zerk kwa kuusukuma utoke. Kwa majaruba ya Chekereni nampa Zerk kura yangu, ila kwa sharti la fundi: nipeli ifutwe kwanza.

Mwenye trekta: Basi nionyesheni inavyopigwa, nijue cha kukagua. Nimechoka kuambiwa "nimepiga" nikanyamaza kwa kuwa sijui kitu.

Fundi: Zima injini, toa ufunguo utie mfukoni. Mfukoni, mama, usiuache kwenye trekta, kuna watoto. Teremsha rotaveta ikae chini. Zungusha shafti kwa mkono mpaka nipeli ikuelekee. Ifute kwa kitambaa kikavu mpaka ile gololi ya katikati uione inang'aa. Bana mdomo wa pampu uingie wima. Ukiulaza, grisi inavuja pembeni, na wewe utadhani krosi imeshiba. Sasa sukuma pole pole, na macho yako yawe kwenye vikombe, usiangalie pampu. Kwanza hutaona kitu. Halafu mdomoni mwa kikombe kimoja linatokea duara jembamba jeusi, hiyo ni grisi ya zamani. Endelea. Kinatoa cha pili, cha tatu. Usiache mpaka vyote vinne vitoe, na kinachotoka kiwe na rangi ya kile unachoingiza.

Dereva: Hapo ndipo mafundi mnapotuchanganya. Mwingine anasema mara mbili tatu za pampu zinatosha, ukizidisha unapasua sili.

Fundi: Anachosema kina ukweli mahali pake. Beringi ya mota ya umeme ukiijaza sana inapata moto na sili inaharibika. Krosi ya PTO ni kitu kingine, sili zake zimetengenezwa ziruhusu grisi ya zamani itoke. Kinachopasua sili ni haraka. Pampu ya mkono inaweza kutoa shinikizo la psi 6,000 na kupita. Njia ikiwa imeziba na wewe unakandamiza kwa uzito wako wote, kitu lazima kiachie. Sukuma, subiri, sukuma.

Mwenye trekta: Na kikombe kimoja kikigoma?

Fundi: Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Vikombe vitatu vikitoa na cha nne kikagoma, ujue shafti yako itavunjikia hicho cha nne. Grisi inafuata njia nyepesi. Unachofanya, sukuma shafti upande, ili kile kikombe kilichobanwa kipate nafasi. Gonga yoki kidogo kwa kipande cha mbao. Zungusha shafti nusu, jaribu tena. Mara nyingi kinaachia. Kikikataa kabisa, toa saklipu inayokishika, chomoa kikombe, osha, tazama sindano na mkono wa krosi. Ukiona mistari imechimbika kwenye mkono pale sindano zinapokaa, hiyo krosi ni ya kubadilisha, grisi haiifufui. Na usiniambie "nimalizie ekari hii kwanza".

Dereva: Fundi, hiyo ekari ya "nimalizie" ndiyo inayokulipa wewe.

Fundi: Kweli, ikivunjika nalipwa zaidi, na bado nakwambia usimalizie.

Fundi huyu ninampenda kwa jibu hilo. Riziki yake iko kwenye kuvunjika, na anatufundisha isivunjike.

Kuna jambo la kuisoma grisi inayotoka, ambalo ningependa kila mwenye trekta alijue hata kama hatashika pampu maisha yake yote. Grisi ya zamani ikitoka nyeusi tu, ni kazi ya kawaida. Ikitoka nyeupe nyeupe imevurugika, maji yameingia, piga mpaka iishe. Ikitoka na wekundu wa kutu, au ukaona unga mwekundu umekauka kuzunguka mdomo wa kikombe, chuma kinasagana kikavu na huna siku nyingi. Ikitoka inang'aa kama ina vumbi la fedha, huo ni mwili wa sindano. Na shafti haihitaji kuvunjika ndipo iseme. Injini ikiwa imezimwa, shika yoki mbili za jointi moja, izungushe moja huku na huku dhidi ya nyingine. Ikicheza, imekwisha.

Mwenye trekta: Grisi yenyewe je? Mimi nanunua ya kupima, kwenye mfuko.

Fundi: Mama yangu! Ile inayochotwa kwenye pipa lililo wazi, mlangoni mwa duka, barabara ya vumbi mbele yake? Hiyo imeshatiwa mchanga kabla hujalipa.

Muuza spea: Msinitazame mimi peke yangu. Mteja anakuja na pesa ya kipimo kimoja, nimfukuze? Kopo lililofungwa lipo, wanauliza bei wanaondoka.

Fundi: Basi angalau funika pipa, dada. Na muulize anatumia grisi gani. Wengi wanafuata rangi. Nyekundu ni kali, ya bluu ni ya kisasa, nyeusi ni ya trekta. Rangi ni rangi tu, kiwanda kinatia kinavyopenda. Kinachotazamwa ni maandishi: grisi ya lithiamu, namba 2, yenye EP kwa ajili ya mzigo mzito, inafaa krosi hizi. Na ukishachagua aina, baki nayo. Grisi ya lithiamu ukiichanganya na iliyotengenezwa kwa udongo wa bentonaiti, mchanganyiko unaweza kulainika ukatiririka, ukakuta krosi imeoga grisi nje na ndani hakuna kitu.

Bei siitaji, maana inabadilika kila msimu. Lakini mama aweke kopo la grisi lililofungwa upande mmoja, na upande wa pili aweke krosi, ufundi, siku ya trekta kulala na ugomvi na mwenye shamba. Sioni haja ya kuongeza maneno.

Dereva: Nami niseme langu. Mnazungumza grisi kana kwamba ndiyo kila kitu. Nimeshaona krosi imepigwa grisi vizuri na imevunjika vile vile.

Fundi: Kweli. Ilivunjikia wapi? Mwisho wa jaruba, unapogeuza?

Dereva: Mara nyingi hapo.

Fundi: Kwa sababu unainua rotaveta bila kukata PTO. Sikiliza, kijana. Krosi ikiwa imenyooka inazungusha sawa. Ikipinda, upande wa pili hauzunguki sawa tena: kila mzunguko mmoja unaongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. PTO yako ni mizunguko 540 kwa dakika. Pinda jointi nyuzi 15, upande wa pili unacheza kati ya 522 na 559 hivi. Hiyo inavumilika. Pinda nyuzi 30, unacheza kati ya 468 na 624. Huko ni kupigapiga, na kila kipigo kinapokelewa na zile sindano. Rotaveta ikiwa chini, jointi ya pili inafuta kosa la ya kwanza, alimradi pembe zao zinalingana na yoki mbili za shafti ya kati zimekaa mstari mmoja. Ukiinua, pembe hazilingani tena. Na trekta ndogo shafti yake ni fupi, hivyo kwa kimo kile kile cha kuinua, pembe inakuwa kali kuliko ya trekta kubwa.

Dereva: Nikikata PTO kila mwisho wa jaruba, siku nzima nitapoteza muda mwingi sana.

Fundi: Inua kidogo basi, visu vitoke tu kwenye matope, usiipandishe mpaka juu. Au kata. Yote mawili yanawezekana.

Mwenye trekta: Na hizo yoki kukaa mstari mmoja, hilo ni la dereva au la fundi?

Fundi: La fundi, na wapo wanaokosea. Shafti ya meno ukiichomoa usafishe, weka alama ya rangi pande zote mbili kabla hujaitenganisha. Ukirudisha yoki zimepishana, shafti itatetemeka, na utabadilisha krosi kila mwezi ukimlaumu huyu dada. Halafu mabomba mawili ya shafti yanayoingiana yapakwe grisi nayo. Yakikwama, ukiinua rotaveta shafti haifupiki, inasukuma giaboksi. Utakuja kulia sili ya nyuma ya trekta.

Hadi hapa nimekuwa nikigawa haki huku na huku. Kwenye linalofuata sigawi.

Dereva alisema mapema kwamba kupiga grisi kunamlaza chini ya shafti robo saa. Kilichofanyika kwenye trekta hii, na kwenye nyingi, ni kwamba kava la plastiki la shafti lilitolewa ili pampu ifike kirahisi, likawekwa kando, halikurudi. Shafti inazunguka uchi. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Kwenye shafti yenye unene wa sentimita 7, hizo ni karibu mita 2 za nguo kwa sekunde moja. Kabla mtu hajatamka neno, nguo imekwisha na umefika mwili. Na ni nani wanaokuwa karibu na trekta siku ya kuvuruga? Wanawake wa kupandikiza wenye kanga kiunoni. Vijana wenye makoti yaliyofunguka. Watoto wanaofuata samaki wa mfereji. Krosi yenye saklipu na nipeli iliyochomoza ni ndoano tosha. Hakuna grisi duniani inayostahili kubadilishwa na mkono wa mtu.

Dereva: Mwandishi, kava lenyewe lilikuwa limepasuka. Linagonga gonga, linasaga, nikaona linaharibu.

Fundi: Lilipasuka kwa sababu nalo halikupigwa grisi. Kava linakaa juu ya beringi zake za plastiki, na linafungwa mnyororo kwenye trekta ili shafti izunguke ndani, lenyewe limesimama. Zile beringi zikikauka, kava linazunguka pamoja na shafti, mnyororo unakatika, linapasuka. Lina sehemu yake ya grisi kama krosi.

Dereva: Sikuwahi kuambiwa.

Fundi: Ndiyo nakwambia. Tena makava mengi yana tundu la kupitishia pampu, au yanasogezwa nyuma nipeli ikaonekana. Zungusha shafti mpaka nipeli ikutane na tundu. Hakuna sababu ya kulitoa.

Mwenye trekta: Dada, makava unayo?

Muuza spea: Sina. Siyaleti kwa sababu hakuna anayeuliza. Ningeyaweka yangekaa mpaka yapauke.

Mwenye trekta: Mimi nauliza.

Turudi kwenye malipo, maana ndiko mjadala huu ulikokuwa unakimbia tangu mwanzo. Rai yangu ni kwamba grisi iingizwe kwenye bei ya ekari kama dizeli inavyoingizwa. Hakuna mwenye trekta anayemtuma dereva shambani bila mafuta kisha akamlaumu trekta ikizima. Muda wa kupiga grisi nao ni gharama ya kazi, ulipwe na anayefaidi kazi.

Mwenye trekta: Unasema vizuri, mwandishi, lakini wewe hushindani na trekta za jirani. Nikipandisha bei ya ekari, mwenye shamba anahamia kwa mwenzangu asiyejali krosi wala kava.

Dereva: Mama, usipandishe. Badilisha namna ya kunilipa. Nipe posho ndogo ya siku, halafu ekari iwe juu yake. Hiyo posho ndiyo robo saa ya jioni. Nikiondoka bila kupiga grisi, ikate.

Mwenye trekta: Nitajuaje kama umepiga?

Fundi: Umeshafundishwa. Krosi mbili, vikombe vinne kila moja, vyote nane viwe na duara la grisi mpya mdomoni. Halafu tazama mabomba na beringi za kava. Dakika mbili kwa tochi ya simu.

Mwenye trekta: Na ikivunjika wakati vikombe vyote vilikuwa na grisi?

Fundi: Nitakuja kuangalia pembe na yoki. Ikiwa nilifunga mimi vibaya, ufundi silipwi.

Muuza spea: Na ikiwa ni krosi yangu?

Fundi: Tutakuletea na kikombe chake, utazame sindano mwenyewe.

Muuza spea: Nitaitazama. Lakini nikikuta mchanga ndani, sirudishi pesa.

Dereva: Haki. Ila kuna mtu hayupo hapa. Mwenye shamba. Yeye anataka trekta ifanye kazi mpaka giza liingie, na mimi ndiye ninayebaki naye majarubani akifoka.

Mwenye trekta: Wa kesho nampigia mimi usiku huu. Nitamwambia trekta inazimwa saa kumi na moja na nusu, inaoshwa na kupigwa grisi hapo hapo tutani.

Dereva: Akikataa?

Mwenye trekta: Kesho kutwa kuna mwingine anasubiri zamu, atachukua nafasi yake. Wewe zima saa hiyo niliyosema. Sasa dada, hilo kava. Nikuletee nini ili usiniagizie lisilofaa?

Muuza spea: Nipe vipimo viwili, mama. Unene wa bomba la nje, na urefu wa shafti ikiwa imefungwa imekuwa fupi kabisa, usiipime ikiwa imevutwa. Ukiniletea kesho asubuhi, naagiza kesho hiyo hiyo.

Mwenye trekta: Na mpaka lifike?

Fundi: Mpaka lifike, hiyo rotaveta haizungushwi mtu yeyote akiwa karibu nayo. Vibarua wakae jaruba la tatu, na kijana asishuke kwenye trekta hata mara moja kabla hajakata PTO.